UZI: Injini zisizotupa kitu nyuma (EmDrive na wenzake), zinasukuma nini hasa?

#1 Nahodha wa Nchikavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ile klipu ya EmDrive imerudi tena kwenye magrupu: koni ya shaba iliyokatwa ncha, mikrowevu zinafungiwa ndani, halafu sauti nzito inatangaza kwamba injini hii haili mafuta, haitoi moshi, itatufikisha Mirihi kwa siku 70 na wakubwa wameificha. Nimeulizwa sana kuihusu, nikaona bora nifungue uzi tumalizane humu. Mimi si mtu wa roketi. Ni fundi umeme wa viwandani, haya mambo nayafuatilia kwa mapenzi tu, kwa hiyo wenye elimu yao mtanyoosha.

Tuanze na kwa nini watu wenye akili timamu wanaitamani injini ya aina hii. Adui wa roketi ni mzigo wa kile inachokitupa. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha hesabu yake mwaka 1903: kasi utakayojiongezea inategemea kasi ya gesi unayoitupa nyuma, pamoja na logi ya uzito wa kuondokea ukigawanya kwa uzito wa kufikia. Hiyo logi haina huruma. Haidrojeni ikiungua na oksijeni, gesi hutoka kwa kama kilomita 4.4 kwa sekunde. Ukitaka chombo kijiongezee kilomita 30 kwa sekunde kwa gesi hiyo, kila kilo moja ya kufika inadai zaidi ya kilo 900 za kuondokea. Saturn V iliondoka chini na tani zipatazo 2,900, na kilichoelekezwa mwezini kilikuwa chini ya tani 50.

Injini za ayoni, zinazotupa nyuma chembe zenye chaji ya umeme, ni bora sana upande huu. Dawn ya NASA ilibeba kilo 425 za zenoni, ikajiongezea zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde na kuzuru asteroidi Vesta kisha sayari kibete Ceres. Lakini nayo iliuawa na tangi. Mwaka 2018 hidrazini, mafuta yake ya kujigeuzia, iliisha, ikashindwa kuelekeza antena duniani, na mpaka leo inazunguka Ceres kimyakimya. Chombo kisichotupa kitu hakina siku ya tangi kukauka. Utamu wenyewe ni huo, na mimi siwacheki wanaoutafuta.

Ila mtu akikuletea injini hiyo, muulize swali moja tu: inasukuma nini? Watu wa pwani hawahitaji darasa hapa. Dau huenda kwa kasia, linasukuma maji. Huenda kwa pondo, linasukuma mchanga wa chini. Huenda kwa tanga, linasukumwa na upepo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotaka utupe shehena yako baharini, na zote ni halali. Nahodha akikaa ndani ya dau, akakumbatia mlingoti na kuusukuma kuelekea Unguja, atatoka jasho tu.

Kwa hiyo tenganisheni makundi mawili. Kuna vyombo visivyotupa kitu lakini vinashika kitu cha nje: mwanga wa jua, uga wa sumaku wa dunia. Hivyo vipo, vimeruka. Na kuna vyombo vinavyodai kujisukuma vyenyewe kutoka ndani. Klipu yenu ni ya kundi la pili.

Karibuni tubishane.

#2 Kipanga wa Usiku

Nimeshatandika jamvi. Tiririka mkuu.

#3 Dogo Msomi

Mleta uzi, unasema mwanga unasukuma. Mwanga hauna tungamo, ndivyo tulivyofundishwa. Kisicho na tungamo kinasukumaje?

#4 Mwalimu wa Zamu

Dogo Msomi, swali zuri mwanangu, na mitaala yetu hulipita haraka. Mwanga hauna tungamo lakini una momentamu, yaani kiasi cha mwendo ambacho kitu hukiachia kingine kinapokigonga. Chukua nishati ya mwanga, gawanya kwa kasi ya mwanga, umepata momentamu yake. Kwa kuwa kasi ya mwanga ni kubwa mno, jibu hutoka dogo mno, ndiyo maana taa ya sebuleni haikupigi ngwala.

Jua katika umbali wa dunia linasukuma kioo safi kwa kama mikronyutoni 9 kwa kila mita ya mraba. Wajapani walilifanyia kazi hilo: mwezi Mei 2010 walirusha IKAROS, tanga la mita 14 kwa 14, unene wake mikromita 7.5, chombo kizima kilo 310 hivi. Wakapima msukumo wa milinyutoni 1.12. Ni kama uzito wa miligramu 114, lakini haukomi mchana wala usiku kwa sababu huko hakuna usiku, na Desemba mwaka huohuo kikapita karibu na Zuhura. Kisha 2019 ikaja LightSail 2, tanga la mita za mraba 32 lililochangiwa fedha na watu wa kawaida, likaonyesha kwamba unaweza kubadili mzunguko wako kuizunguka dunia kwa mwanga peke yake. Lilianguka Novemba 2022 kwa sababu hewa ya juu ililishinda.

Unaweza pia kubeba tochi yako mwenyewe na kumulika nyuma. Hiyo inaitwa roketi ya fotoni, na ni halali kabisa kifizikia. Bei yake sasa: ili upate nyutoni moja unahitaji megawati 300. Nyutoni moja ni uzito wa embe dogo.

#5 Dogo Msomi

Megawati 300 kwa embe! Asante mwalimu, nimeelewa.

#6 Mzee wa Msimamo

Nawasoma tu mnavyojimwambafai. NASA wenyewe wameipima EmDrive mwaka 2016, ndani ya ombwe, wakapata msukumo, wakachapisha kwenye jarida la kitaaluma lililopitiwa na wataalamu. Nyinyi mmekaa kwenye sofa mnasema haiwezekani. Wachina nao walipima wakapata. Sasa tumwamini fundi umeme au NASA?

#7 Kipanga wa Usiku

Moto umewaka 😂

#8 Nahodha wa Nchikavu (mleta uzi)

Mzee wa Msimamo, hoja yako ni ya haki, na hapo ndipo penye nyama ya uzi huu. Vumilia urefu.

Mwenye kitu ni Roger Shawyer, mhandisi Mwingereza. Mwaka 2001 alianzisha kampuni ndogo, Satellite Propulsion Research, akapata na ruzuku kidogo ya serikali yake. Hoja yake: mikrowevu zinazogongagonga ndani ya koni iliyokatwa ncha husukuma kitako kipana kuliko kitako chembamba, kwa hiyo kuna tofauti inayobaki. Mwaka 2006 New Scientist ikampa ukurasa wa mbele na wanafizikia wakalivamia jarida kwa hasira. Kosa la hoja hiyo lipo wazi hata kwangu: koni ina kuta za pembeni zilizoinama, nazo zinasukumwa pia. Ukijumlisha vitako viwili na kuta zote, unapata sifuri. Mlingoti uleule.

Lakini nadharia mbovu haizuii kipimo kuwa sahihi, sawa? Kwa hiyo twende kwenye vipimo.

Wachina. Profesa Yang Juan wa chuo kikuu kimoja cha Xi'an alitangaza milinyutoni 720 kwa kilowati 2.5. Hiyo ni kubwa, hata injini za ayoni zenye zenoni yao hazifiki hapo kwa umeme huo. Lakini umeme wa kwake ulikuwa unaingia kwenye mizani kwa waya kutoka nje. Waya unaopitisha umeme mwingi hupata joto, hutanuka, huvuta na kusukuma. Baadaye timu yake ikapandisha betri juu ya mizani yenyewe ili pasiwe na waya wa kutoka nje, na ule msukumo ukayeyuka. Wao wenyewe waliandika hivyo. Klipu hazisemi.

NASA. Hapa watu husema NASA kana kwamba shirika zima lilisimama. Ni maabara ndogo iitwayo Eagleworks, iko Johnson Space Center, Houston, ikiongozwa wakati huo na Harold White. Mwaka 2014 walipima kifaa cha jamaa mwingine, Guido Fetta, na hapo kuna jambo la kuchekesha kidogo: walitengeneza vifaa viwili, kimoja chenye mikato ambayo nadharia ilisema ndiyo inayoleta msukumo, na kingine hakina mikato ili kiwe cha kulinganishia. Vyote viwili vilitoa msukumo. Mimi nikipima nyaya mbili, moja ina umeme na nyingine nimeikata mwenyewe, na mita inasoma sawa kwenye zote, sisemi nimegundua umeme mpya. Nabadilisha mita.

Ile ya 2016 ilikuwa na uangalifu zaidi. Koni ndani ya tangi la ombwe, mikrowevu za wati 40, 60 na 80, mizani ya kusokota, yaani mkono unaoning'inia na kujipinda kidogo ukisukumwa. Wakatangaza milinyutoni 1.2 kwa kilowati. Kwa wati zao hizo tunaongelea makumi ya mikronyutoni, pale juu mia na kitu. Mikronyutoni 100 ni uzito wa miligramu 10. Hapo ndipo unapopigana na kila kitu duniani: joto la koni linalotanua shaba na kuhamisha kitovu cha uzito, mtikisiko wa lori barabarani, waya. Walilijua suala la joto, wakajaribu kulitoa kwa hesabu. Maana yake msukumo walioutangaza ni kile kilichobaki baada ya kutoa makisio yao. Na ukiangalia namba zao, kutoka wati 60 kwenda 80 msukumo haukupanda. Injini gani hiyo unaiongezea umeme na haisikii?

Kuhusu kupitiwa na wataalamu: maana yake ni kwamba wasomaji wachache wameona kazi imeandikwa vizuri kiasi cha wengine kuijaribu. Si muhuri wa ukweli. Na wengine wakaijaribu.

Sasa Dresden, na hapa mimi huvua kofia. Martin Tajmar wa chuo kikuu cha ufundi cha Dresden, Ujerumani, kazi yake kwa miaka mingi ni kupima madai ya namna hii, na hana chuki nayo, angependa moja liwe kweli. Mwaka 2018 timu yake ilitoa matokeo ya kwanza. Waliwasha EmDrive, wakapata kama mikronyutoni 4. Shangwe? Hapana. Wakaigeuza koni ielekee upande ambao mizani haipaswi kusoma kitu. Ikasoma. Wakaweka kipunguzi katikati kinachokata mikrowevu mara 10,000 kabla hazijafika kwenye koni. Msukumo ukabaki uleule. Yaani koni ilikuwa karibu tupu na bado "inasukuma".

Nilipoisoma hii nilisimama, kwa sababu ni hesabu ninayoifanya kazini. Waya wenye ampea 2 ukipita kwenye uga wa sumaku wa dunia, ambao kule kwao ni kama mikrotesla 48, kila sentimita 4 za waya zinapata karibu mikronyutoni 4. Sentimita nne! Kipande cha waya cha kwenda kwenye amplifaya ambacho hakikufunikwa vizuri kinatosha kukupa injini ya kwenda Mirihi.

Hawakuishia hapo. Walijenga upya mizani, wakafunika nyaya, wakaiga vipimo vya Houston kwa koni ya ukubwa uleule, na mwanzoni wakapata msukumo unaofanana na ule wa NASA. Kisha wakabadilisha namna koni inavyoshikiliwa, ili ikipata joto na kutanuka isiupinde mkono wa mizani. Msukumo ukapotea. Matokeo ya mwisho yalitoka 2021: kama kuna kitu chochote kinabaki, ni kidogo kuliko msukumo ambao mikrowevu hizo zingetoa kama ungezimulika nyuma tu kama tochi. Kwa maneno mengine tochi ya Mwalimu wa Zamu inaishinda EmDrive.

Kwa hiyo mzee wangu, sikuombi uniamini mimi. Mwamini aliyepima halafu akapima tena akijaribu kujikamata mwenyewe.

#9 Mzee wa Msimamo

Nimesoma yote. Umeeleza vizuri, nakubali hilo. Lakini bado. Robert Goddard mwaka 1920 alichekwa na The New York Times kwamba hajui hata fizikia ya sekondari, eti roketi haiwezi kusukuma kwenye ombwe kwa sababu hakuna cha kusukumia. Miaka 49 baadaye, Apollo 11 iko njiani kwenda mwezini, gazeti likaomba radhi. Leo mnasema haina cha kusukumia, kesho mtaomba radhi nanyi.

#10 Mwalimu wa Zamu

Mzee, shikamoo. Mfano huu naupenda, ila umeushika kwa upande wa makali. Goddard hakwenda kinyume na Newton. Goddard ndiye aliyekuwa na Newton. Roketi inaisukuma gesi yake, gesi inaisukuma roketi, hewa ya nje haihusiki. Mhariri wa gazeti ndiye aliyeisahau sheria ya tatu. Na kabla ya gazeti kumcheka, Goddard alikuwa ameshafyatua injini ndani ya chombo cha ombwe na kupima. Kwenye kisa cha EmDrive aliyekaa kwenye kiti cha mhariri ni yule anayesema momentamu yaweza kutokea bila kitu kingine kupokea kinyume chake.

Tena kuna jambo ambalo watu wa klipu hawaligusi kabisa, nalo ni nishati. Nitaliweka polepole.

Wanasema: nipe kilowati kadhaa, nitakupa msukumo usiobadilika, muda wote, kasi yoyote. Sasa nguvu ambayo msukumo unaingiza kwenye mwendo wa chombo ni msukumo mara kasi. Umeme unaoingia haubadiliki, kasi inapanda. Lazima kuna kasi ambayo ukiipita, chombo kinapata nguvu nyingi kuliko umeme unaokipa. Chukua namba za Xi'an: wati 2,500 gawanya kwa nyutoni 0.72, unapata kama mita 3,470 kwa sekunde. Chombo kwenye mzunguko wa chini wa dunia tayari kinakwenda mita 7,700 kwa sekunde. Zidisha: 0.72 mara 7,700 ni zaidi ya wati 5,500. Umeingiza 2,500, umetoa 5,500, na hujaondoka hata jirani.

Kwa namba za Houston mpaka huo uko kwenye kilomita 833 kwa sekunde. Ni mbali zaidi, lakini upo. Fanya hesabu hiyohiyo kwa roketi ya fotoni, na mpaka unakuta ni kasi ya mwanga yenyewe, ambayo hakuna anayeivuka. Ndiyo maana fotoni ni ghali vile: bei hiyo ndiyo inayoziba tundu la nishati ya bure. Yeyote anayekuuzia msukumo usiotupa wala kushika kitu kwa bei nafuu kuliko fotoni, anakuuzia pia umeme wa bure, ajue au asijue.

#11 Mbeba Maono

Sasa mwalimu si habari njema hiyo! Tufunge EmDrive nne kwenye gurudumu, tuzungushe jenereta, mgao wa umeme tuusahau 😂😂

#12 Mwalimu wa Zamu

Ndiyo ujue sasa. Angekuwa nayo kweli asingehangaika na Mirihi. Angekuja hapa mtaani kwetu kutuuzia umeme, na tungemlipa vizuri.

#13 Mpwani wa Mambrui

Mleta uzi ametaja uga wa sumaku halafu akaupita. Mimi naomba turudi hapo, maana hilo ndilo pondo lenyewe. Na sisi Malindi huku tumezoea mambo ya Waitaliano na anga, jukwaa lao la San Marco liko baharini hapo Ngwana, satelaiti ya Uhuru ilipaa pale tarehe 12 Desemba 1970. Nao ndio walioshirikiana na Wamarekani kwenye waya wa angani.

Februari 1996, chombo cha Columbia kilipandisha juu yake satelaiti ya Kiitaliano ikiwa imefungwa kwenye waya uliokusudiwa kufika zaidi ya kilomita 20. Waya unaokata uga wa sumaku kwa kasi ya mzunguko unazalisha umeme wenyewe, walipata mpaka volti 3,500. Ulipofika kilomita 19.7 ukakatika, umeme ulikuwa umetafuta tundu kwenye ngozi ya waya ukatoa cheche na kuuchoma. Satelaiti ikaondoka na waya wake. Lakini sayansi ilishaonekana.

Sasa geuza: badala ya kuchukua umeme, usukume umeme kutoka kwenye sola zako upite kwenye waya kinyume. Uga wa sumaku wa dunia utakusukuma, mzunguko wako utapanda, bila kutupa hata gramu moja. Dunia ndiyo inayopokea teke. Ubaya wake ni kwamba unafanya kazi karibu na sayari yenye sumaku na gesi ya ayoni ya kufunga sakiti. Ukienda mbali, pondo halifiki chini.

#14 Nahodha wa Nchikavu (mleta uzi)

Mpwani, umenimalizia kazi. Ongeza kwamba hesabu ileile ya waya na uga wa sumaku ndiyo iliyowadanganya watu wa EmDrive maabarani. Fizikia moja, huku injini, kule hitilafu ya kipimo.

#15 Kipanga wa Usiku

Swali la mgeni jamani. Satelaiti si hujigeuza bila kutoa moshi? Nilisoma kuna magurudumu ndani. Kama yanaweza kuigeuza, kwa nini yasiisogeze?

#16 Mwalimu wa Zamu

Gurudumu likizunguka kulia, satelaiti inazunguka kushoto, jumla inabaki ileile. Kugeuka kunawezekana kwa sababu ukishazunguka duara zima umerudi ulipoanza, gurudumu linaweza kuendelea kuzunguka bila kuisha nafasi. Kusogea hakuna anasa hiyo: kitu cha ndani ukikisukuma nyuma kitagonga ukuta wa nyuma, na hapo unarudishiwa kila ulichopata. Hata magurudumu huelemewa, yakafika kasi ya mwisho. Darubini ya angani ya Hubble huyapunguza kwa kutumia sumaku zinazoshika uga wa dunia. Unaona? Tumerudi kulekule kwenye kitu cha nje.

#17 Fundi Bila Cheti

Mimi nimekaa kimya nikisoma, sasa naomba nafasi. Nina mashine nimetengeneza gereji kwangu. Mota mbili za drili, zimewekewa vyuma upande mmoja, zinazunguka kinyume kwa kinyume, juu ya fremu ya chuma, betri iko hukohuko juu. Jumla kilo 4. Haina tairi. Nikiwasha kwenye tailizi inakwenda mbele yenyewe, hairudi nyuma, nina video. Hakuna kitu inatupa. Nielezeni.

#18 Mzee wa Msimamo

Haya sasa! Mjibuni.

#19 Nahodha wa Nchikavu (mleta uzi)

Fundi, heshima kwako, na siyo kejeli. Mashine yako ina ukoo mrefu.

Mmarekani Norman Dean alipata hataza ya mashine ya namna hiyohiyo mwaka 1959. Vyuma vinavyozunguka upande mmoja, fremu inaruka mbele. John W. Campbell, mhariri mashuhuri wa hadithi za kisayansi, akaipigia debe mwaka 1960 kama injini ya anga. (Hataza, kwa wasiojua, hutolewa kwa kitu kipya. Ofisi haikuwashi mashine yako kuona kama inaruka.) Miaka 14 baadaye Eric Laithwaite, profesa wa Imperial College na bingwa wa kweli wa mota za mstari mnyoofu, alisimama Royal Institution, London, akanyanyua gurudumu zito linalozunguka na kudai jiroskopu zinakiuka Newton. Taasisi hiyo haikuchapisha mhadhara wake, jambo ambalo halikuwa kawaida yao. Mtu mwenye akili kubwa anaweza kunaswa na jambo hili, hilo nataka liandikwe.

Kinachotokea kwako ni msuguano. Vyuma vinapokwenda upande mmoja kwa nguvu nyingi na ghafla, fremu inashinda msuguano wa tailizi na kuteleza. Vinaporudi polepole, nguvu haitoshi kuushinda msuguano, fremu inabaki palepale. Kwa hiyo unaisukuma sakafu, ila kwa awamu. Na vyuma vikielekea juu vinaipunguzia fremu uzito, inateleza kirahisi zaidi. Angani hakuna tailizi.

#20 Dogo Msomi

Kwa nini wasirushe tu hivi vitu angani tuone? Ubishi wote ungeisha.

#21 Nahodha wa Nchikavu (mleta uzi)

Wamejaribu. Kampuni moja ya Marekani, IVO, iliweka kifaa chake kwenye satelaiti ndogo ya Barry-1, ikapaa Novemba 2023. Nadharia yake inatoka kwa Mike McCulloch wa Plymouth. Satelaiti ikapata matatizo ya umeme, mawasiliano yakakatika Februari 2024 kabla kifaa hakijawashwa. Hatujapata jibu, si ndiyo wala hapana. Ila hata kingewashwa, kwenye mzunguko wa chini kuna hewa kidogo inayokokota, kuna mwanga wa jua unaosukuma, kuna uga wa sumaku. Maabara nzuri ni kali kuliko anga la karibu.

Kuna na James Woodward wa Fullerton, California, anayedai tungamo la kitu linaweza kubadilika kwa muda mfupi ukikitikisa na kukipa nishati kwa pamoja. NASA ilimpa fedha kidogo za utafiti miaka ya 2017 na 2018 pamoja na Heidi Fearn. Yeye walau anajibu swali la "inasukuma nini": anasema ulimwengu mzima. Dresden walikipima pia kifaa cha aina hiyo, wakakuta mitikisiko ya kifaa inaidanganya mizani. Ni jirani wa mashine ya Fundi, kwa namna fulani.

#22 Mwalimu wa Zamu

Naongeza moja kwa wapenda maajabu, hii ni ya kweli kihesabu. Mwaka 2003 Jack Wisdom wa MIT alionyesha kwamba kwenye anga-muda lililopinda, kiumbe kinaweza "kuogelea": kikunje na kunyoosha viungo kwa mpangilio fulani, kijikute kimesogea bila kutupa wala kushika kitu. Einstein anaruhusu. Kitu cha ukubwa wa mita moja, karibu na uso wa dunia, kila pigo kinasogea mita moja ikigawanywa kwa moja yenye sifuri 23. Kiini cha atomi ni kikubwa kuliko hapo mara mamilioni. Msinunue tiketi.

#23 Fundi Bila Cheti

Nahodha, nimekuelewa lakini sijaridhika. Wewe unasema msuguano, mimi naona inakwenda. Niambie namna ya kuijaribu ambayo mimi na wewe tutakubaliana.

#24 Nahodha wa Nchikavu (mleta uzi)

Haya ndiyo maneno. Ining'inize.

Kamba ya mita 3 kutoka kwenye kenchi, nyembamba na isiyojisokota, betri na swichi vyote viwe juu ya mashine, hakuna waya wa kutoka nje. Ifungie ndani ya boksi la katoni maana vyuma vyako vinapepea hewa kama feni. Weka alama chini pale inapotulia. Washa, usiangalie inavyotikisika, itatikisika sana. Angalia katikati ya mtikisiko ipo wapi ukilinganisha na alama.

Kwa kilo 4 na kamba ya mita 3, kila nyutoni moja ya msukumo wa kweli itaihamisha hiyo katikati kwa sentimita 7 na nusu, na ikae hapo muda wote mota zinapozunguka. Kuishinda tailizi yako inahitaji kama nyutoni 12, kwa hiyo kama nguvu inayoisogeza sakafuni ni yake yenyewe, tutaiona imekaa karibu sentimita 90 pembeni ya alama. Hiyo haitaki darubini.

Halafu igeuze nyuzi 180 urudie. Na rudia mara ya tatu ukiwa umevitoa vile vyuma, mota zikizunguka tupu. Video zote tatu uziweke humuhumu, hata ile utakayoiona haina maana.

#25 Fundi Bila Cheti

Kenchi ipo. Kamba ya manila ya milimita 6 itafaa au inajisokota?

#26 Mpwani wa Mambrui

Manila inajisokota ndugu yangu. Tafuta mshipi wa kuvulia, ule wa samaki wakubwa, kilo 4 haiuhisi.